Nyuzi za Chuma kwenye Gitaa la Nailoni

Gari lilikuwa limeshawashwa na fundi wa magitaa ameshaketi mbele, begi magotini, ndipo shemeji yake alipotokea kwenye kona amekumbatia gitaa lililofungwa shuka kama mtoto mgonjwa. Dereva akashusha pumzi. Tangu asubuhi walikuwa wakipakia meza, misumeno, magitaa mawili na miaka thelathini ya karakana moja, vyote vikihamia kwa mwana wa fundi, aliyemtengea baba yake chumba cha kupumzikia. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kumtupa mkono.

"Shemeji, jana si tuliagana?" fundi alimtania. "Au umekosa wa kumsumbua?"

Shemeji akaanza kufungua shuka moja kwa moja, na hapo fundi akajua kuna jambo. Mume huyu wa dada yake hakuwa mtu wa kuuacha utani upite bure.

Lilikuwa gitaa la dada, gitaa kavu la nyuzi za nailoni, shingo pana, jepesi kama kikapu kitupu. Uso wake ulikuwa umevimba kama mkate uliozidishwa hamira, na kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi kilikuwa kimeanza kubanduka. Juu yake zimekazwa nyuzi za chuma.

Asiyejua huona gitaa ni gitaa. Lakini la nailoni huchongwa kwa mbao nyembamba, lipate kunong'ona. Chuma huvuta karibu mara mbili, kutwa kucha, mpaka gitaa lijivunje lenyewe.

"Nilitaka sauti ifike mpaka jikoni," shemeji alisema. Akakohoa. "Nyuzi ulinipa wewe."

Kweli alimpa. Miaka yote, kila aliyekuja kutaka nyuzi aliulizwa kwanza ni za gitaa gani. Siku ile fundi alikuwa kainamia maboksi yake ya kuhama. Shemeji akasema anataka zenye sauti, naye akadhani ni za gitaa la shemeji mwenyewe, lile la nyuzi za chuma. Akampa bila kuinua kichwa.

Tangu dada apatwe na kiharusi, maneno yalikuwa yamemkimbia, hata jina la mumewe. Ila gitaa lake likipigwa, yalirudi yameshikana mikono ndani ya wimbo. Akitaka maji, mume alichukua gitaa, naye akayaimba maji. Sasa ilikuwa siku ya tisa tangu zitiwe nyuzi za chuma, na hajatoa neno.

Fundi akamwambia dereva ageuze gari.

Walimkuta dada kibarazani anakunja nguo. Alimwona kaka yake, akatabasamu upande mmoja. Fundi aliona njia ya mkato ipo: amwachie gitaa jingine, aende zake. Kati ya magitaa yake mawili akashusha lile la mwili mpana, la nyuzi za chuma, la kupigia wengi. Mume akalipiga. Dada akalitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi, mdomo kaufunga. Wakajaribu la nyuzi kumi na mbili, lenye sauti kama mvua juu ya bati. Akacheka, akatikisa kichwa, akarudi kwenye nguo zake.

"Basi shusha vitu," fundi akamwambia dereva.

"Vitu vipi?"

"Jiriwa na gundi."

Jiriwa, kile chuma cha kubania mbao, kilikuwa chini ya kila kitu. Dereva akashusha karakana nzima uani, akinung'unika kwamba yeye aliitwa kuhamisha mzee, si kumtembeza. Fundi alilegeza nyuzi kidogo kidogo, akang'oa kibao, akakwangua gundi ya zamani kwa kupapasa zaidi kuliko kuona, akapaka mpya, akakibana. Kisha akasubiri. Gundi haina haraka ya mtu.

Kesho yake akatia nyuzi za nailoni. Mpya hulegea kila ukizikaza, kwa hiyo asubuhi nzima ikaishia hapo, shemeji akiuliza bado, fundi akimwambia bado.

Adhuhuri mume akapiga. Sauti ilikuwa na mkwaruzo, maana uvimbe haukuisha wote. Dada aliacha kukunja. Akasikiliza mzunguko mmoja, wa pili, halafu akaimba, chini kabisa, kwamba kaka hajala tangu jana na hakuna anayemjali.

"Si nilimpa chai?" mume akasema, huku anajifuta uso.

Fundi aliondoka baada ya siku tatu, akakaa kwa mwanawe, na mwaka uliofuata akaacha kuona kabisa. Dereva alinunua gari kubwa zaidi. Dada aliimba miaka miwili na miezi kadhaa, kisha akafariki kwa kiharusi cha pili. Mumewe anaishi nyumba ileile na hapigi tena. Gitaa lilipasuka kiangazi kilichofuata, kando ya kibao, na halikutengenezwa.