Familia Iliyokula Majeruhi

Tulikuwa na maduka sita ya vyakula, kwenye miji iliyofuatana kando ya barabara kuu moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akila nyanya nzima.

Sheria hiyo aliiweka marehemu baba alipoanza na meza moja ya mbao na mizani ya kuazima: kizuri cha mteja, kilichopondeka cha nyumbani. Basi tukakua kwa karoti zilizovunjika shingo, ndizi nyeusi kama viatu vya shule na vitunguu vilivyoota mikia. Meza ikazaa kibanda, kibanda kikazaa duka, duka likapata wadogo zake, nasi bado tunakula majeruhi. Mama aliwatia wote sufuria moja, akawachemsha taratibu mpaka wakasahau ajali. Na walikuwa watamu! Anayebisha hajala kwa mama.

Baba alipofariki, mama akabaki na duka la kwanza. Kaka yangu mkubwa, tunayemwita Meneja hata akiwa na taulo kiunoni, akashika ununuzi wa bidhaa za maduka yote. Mimi nikapewa duka la mwisho barabarani, lile ambalo hata mbwa akifika anageuza. Nimeibiwa pale, nimetapeliwa, maji ya mvua yamenifika magotini, na bado nacheka, maana machozi yanaharibu unga.

Kisha wateja wakaanza kutukimbia, na duka la mama ndilo lililoumia zaidi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na wapinzani wetu. Meneja akapaka rangi, akabadilisha taa, akawavisha wauzaji kofia. Wapi! Watu walinunua chumvi na sabuni kwetu, wakavuka barabara kutafuta mboga. Mwishowe Meneja akasema duka hilo lifungwe, la sivyo litayazamisha mengine matano.  Lakini mama alishikwa na uchungu wa kuzaa mle ndani zamani hizo, akajifungulia nyuma ya magunia ya mchele, na mtoto mwenyewe ndiye huyohuyo Meneja.

Tukakutana jikoni kwa mama, nyuma ya duka, tumalize maneno. Mke wa Meneja akachelewa. Alipoingia alikuwa amebana kitu chini ya mtandio, anatembea kama aliyeiba bata. Mfuko ukapasuka. Nyanya zikabingirika mpaka miguuni pa mama, na mfuko ule wa manjano ulijulikana mji mzima.

"Za ng'ambo hizi?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama," wifi akajibu, macho sakafuni.

Meneja akashika kichwa. "Mke wangu! Kwa wapinzani?"

"Wifi," nikasema, "ungekuwa umeiba mume wa mtu tungekutetea. Lakini nyanya?"

"Wewe funga mdomo," mama akaniambia. Akamgeukia mkwewe, sauti imeshuka. "Mwanangu, chakula changu kina kasoro?"

"Hapana, mama. Chako kitamu. Ila siku moja kikapu cha majeruhi kilikuwa kitupu, nikachukua za dukani, zile za wateja. Tangu hapo nimekuwa naogopa kusema."

"Sema."

"Hazina ladha, mama. Kama natafuna mshumaa."

Meneja akacheka kwa dharau. "Nyanya zangu? Nyekundu, ngumu, zinakaa rafuni wala haziharibiki!"

"Umewahi kuionja hata moja?" mama akamuuliza.

"Mimi?" Akashangaa kweli. "Mama, si ni za wateja?"

Hapo ndipo tukaelewa. Meneja alikuwa amemwacha mkulima wetu wa miaka yote kwa sababu nyanya zake zilikuwa na makovu, akahamia kwenye shamba kubwa linalochuma zikiwa bado kijani ili zisafiri vizuri. Chache zilizobahatika kuiva sawasawa zililainika, zikapondeka, zikaja sufuriani kwetu. Tulikuwa tunakula tamu na kuuza mishumaa, kwa heshima zote.

Mama akaenda dukani, akachukua ile nzuri kuliko zote, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaiuma. Akatafuna muda mrefu. Kumeza kukawa kazi.

"Na watu wananiamkia vizuri kila asubuhi," akasema polepole, "nami nawauzia hiki."

Meneja akakaa juu ya kreti kama gunia lililotobolewa. Mama hakumgombeza. Akampa nusu iliyobaki. "Kula, baba."

Akaila yote. "Chumvi ipo?" akauliza, na mama akacheka mpaka akashika meza.

"Duka halifungwi," akasema akijifuta macho. "Kesho mrudi kwa yule mkulima."

"Mama, nilimwambia nyanya zake zina sura kama ngumi!"

"Basi uende ukazipokee. Na mkeo aende. Kuanzia leo hakinunuliwi kitu kabla hajakionja yeye."

Niliwasindikiza, burudani kama ile huwezi kuikosa. Mkulima akamwacha Meneja asimame juani, akimuuliza habari za watoto, za mvua, za fundo la tai yake, mpaka akaridhika. Kisha akamkabidhi wifi nyanya moja yenye kovu. Wifi akaila, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni. Akanyoosha mkono apewe ya pili.

"Vipi?" Meneja akauliza, jasho linamtoka.

"Vua koti," wifi akamwambia. "Upakie."