Yowe Lisilo na Mwizi

Dada yangu Mwaisha aliuawa na mwili wake mwenyewe.

Kulianza wekundu usoni, kama mtu aliyezabwa vibao viwili. Kila akiteremka mlimani na ndizi kwenda sokoni Mwembesongo, jua liliuchochea. Kisha viungo vikavimba, akakonda. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kilijaa madukani, na umbea haukukosa. Wakasema ni Ukimwi.

Daktari wa mjini akampima. Akasema si Ukimwi, ni lupasi.

"Virusi vikiingia, chembe za mwili hutoa ishara, inaitwa interferoni. Chembe jirani zikiipata, nazo zinajiandaa. Kwako inatoka hata pasipo adui. Kinga inakugeukia wewe."

Mwaisha akacheka. "Kama yowe la kwetu mlimani, daktari. Mmoja akipiga, wote tunapokea, mapanga nje. Mwizi hayupo, anakatwa mwenye nyumba."

"Ndivyo hasa. Vidonge hivi vinawatuliza wenye mapanga. Usiviache ghafla."

Hospitali haikuwa navyo, nikavinunua duka la dawa. Baada ya muda mashavu yake yakajaa, yakawa duara. Kwetu aliyekonda akinenepa amepona, habishiwi. Mama akachinja jogoo. Waliomsema ndio waliokula mapaja.

"Dawa za nini tena, mwanangu?" mama akamwambia. "Huoni ulivyonawiri?"

"Daktari alikataza kuacha," nikasema.

Mwaisha akajifinya shavu. "Kaka, umeona wapi mnene anameza vidonge? Niache niwaringie kidogo."

Akavifunga kwenye kipande cha kanga, akavichomeka darini.

Wingu likaukalia mlima, halikuondoka. Viungo vikaanza kumuuma tena, akaficha. Kisha miguu ikajaa. Nilipoibonyeza, shimo la kidole changu lilibaki pale pale, likinitazama. Mama alikuwa akiimba jikoni. Aliona mwanawe anazidi kunenepa.

Nilipopiga yowe, wanaume walikuja mbio na mapanga. Wakayaweka chini, wakashika machela. Tukateremka kwenye utelezi, Mwaisha akihema kama aliyebeba mzigo, na safari hii sisi ndio tuliombeba.

Daktari akambonyeza mguu. Hakumtazama, alinitazama mimi.

"Vidonge viko wapi?"

"Darini."

Kinga ilizigeukia figo, zikaenda zote mbili. Akaenda Mwaisha. Mama yupo, lakini mtu akisifiwa mbele yake kwamba amenawiri, huinuka akaingia ndani.