Ziwa Lililolala Ofisini

Kwa miaka sita mfululizo, ziwa lile lilikuwa na joto la digrii ishirini na mbili. Kiangazi, ishirini na mbili. Masika, ishirini na mbili. Maziwa mengine yote duniani yanapata homa, hili linadunda, na Mkuu wa kituo cha utafiti alikwisha kupewa ngao mbili kwa kulitunza. Alizipanga juu ya kabati, chini kidogo ya kiyoyozi.

Siri ilikuwa ndoo. Zamani Bi Vipimo, kama walivyomwita mpimaji wa kituo, alikuwa akishusha kipimajoto majini kutoka ncha ya gati. Kisha miti ya vilimani ikakatwa, mvua zikashusha udongo, jua kali nalo likafanya lake, na maji yakarudi nyuma hadi gati likabaki limesimama kwenye tope. Mkuu, ambaye viatu vyake havikuumbiwa tope, akatoa waraka: maji yaletwe kwa ndoo jioni, yalale ofisini kwake, yapimwe saa nne asubuhi mbele ya macho yake. Na ofisi hiyo ilikuwa na kiyoyozi kisichozimwa, kimewekwa digrii ishirini na mbili. Watu wenye shahada tatu tatu walikaa na ndoo ile miaka sita, na hakuna aliyejiuliza.

Bi Vipimo alijiuliza, akasema, akaambiwa utaratibu ni utaratibu. Basi kila asubuhi alijitosa topeni hadi magotini, akapima, akaandika katika daftari lake mwenyewe. Mwaka alioajiriwa: ishirini na nne, maji maangavu, dagaa tele. Mwaka mfereji wa maji machafu ya mji ulipoelekezwa ziwani: utando wa kijani ukingoni. Mwaka mashamba ya juu yalipozidisha mbolea: utando umefika katikati, dagaa hakuna. Mwaka huu: ishirini na tisa, na kuna asubuhi samaki wanapanda juu kugombea hewa. Daftari halikuwa na mhuri, kwa hiyo halikuwa na ukweli.

Yote hayo angeyameza, kama alivyozoea, lau si mdogo wake. Huyu alikuwa ameuza shamba waliloachiwa na mama yao, akajenga vizimba vya kufugia samaki ziwani. Kilichobaki ni cheti cha maji chenye sahihi ya mpimaji. Jumatatu hiyo vifaranga wa samaki walikuwa nje ya kituo, ndani ya mapipa, juu ya lori.

"Sitii sahihi," Bi Vipimo alimwambia kwenye korido. "Maji ya moto, hayana hewa. Watakufa wote."

"Dada, ofisi imesema ishirini na mbili."

"Ofisi haijaingia majini. Mimi nimetoka huko sasa hivi, tazama miguu yangu."

"Wewe na kidaftari chako. Sema tu una wivu."

Neno hilo lilimchoma. Alimlea huyu kwa mikono yake. Sikio la kufa halisikii dawa, alijisemea, akamfungulia mlango wa Mkuu akasikie mwenyewe.

Mkuu alikuwa anajipepea kwa faili, jasho linamtiririka. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa tangu Jumamosi. Mbele yake palikuwa na ndoo, na kipimajoto ndani yake kilionyesha ishirini na saba.

"Ziwa limechafuka," alisema. "Digrii tano kwa siku mbili. Lakini msiwe na wasiwasi, nimeshamwita fundi. Akimaliza tutapima tena."

Aliyasema hayo bila hata kutabasamu. Fundi alikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni. Mdogo mtu alimtazama fundi, akatazama kiyoyozi, kisha ndoo. Akachovya mkono.

"Sasa Mkuu, huyu anatengeneza kiyoyozi au ziwa?"

"Hivyo vitu vinakwenda pamoja," Mkuu alimjibu kwa upole, kama anayemwelimisha raia.

Kijana alitoka. Alimwambia dereva arudishe vifaranga walikotoka, kisha akaketi kwenye ngazi za kituo.

"Shamba la mama, dada," alisema.

Bi Vipimo alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yote ya haki. Aliketi karibu naye, akaanza kujifuta tope miguuni.

Vizimba vilichukuliwa na shemeji yake Mkuu kwa bei ya kutupa. Cheti alikitia sahihi Mkuu mwenyewe, kiyoyozi kikiwa kimepona. Wiki ya tatu, asubuhi moja isiyo na upepo, samaki wote wakaelea matumbo juu, na uvundo ukapanda hadi kituoni.

Mkuu aliamuru madirisha yafungwe na kiyoyozi kiongezwe nguvu. Kesho yake, saa nne, aliinamia ndoo yake.

"Ishirini," alisema. "Andika, Bi Vipimo. Ziwa linapoa."

Bi Vipimo alitazama nje kupitia kioo kilichofungwa. Kule chini, kando ya gati, mdogo wake, kibarua wa shemeji wa Mkuu siku hizi, alikuwa amejifunga kitambaa puani, anawafukia samaki kwa koleo.