Kipande Alichokificha Mwalimu Hostetler

Mwalimu Verlin Hostetler alikuwa amechoka kushangilia watoto wa wenzake. Kila mwaka bendi yake ya ngoma, ya shule ndogo huko Indiana, ilikwenda Dayton kwenye mashindano ya taifa katika Daraja la A, la wanaoinukia, na kila mwaka ilirudi bila kugusa fainali. Sasa ebu ona bahati: mwaka huu kapata watoto moto wa kuotea mbali. Fainali aliiona kabisa.

Tatizo, walikuwa wazuri kupita kiasi. Majaji wa kanda wakiona bendi imelizidi daraja lake, wanaipandisha Daraja la Wazi, kwenye mashule makubwa yenye ngoma mpya na walimu chungu nzima. Huko, fainali sahau. Basi mtu mzima huyu akafanya jambo la kitoto. Wiki ya mashindano ya kanda alikikata kile kipande kigumu cha katikati ya onyesho lao, alichokitunga mwenyewe, pale wapigaji wa ngoma ndogo wanapokezana mapigo kwa kasi huku wanakwenda kinyumenyume.

"Tunakipumzisha," aliwaambia.

"Kwani kinaumwa?" akauliza Tessa Yoder, kiongozi wa ngoma ndogo, msichana asiyejua kunyamaza.

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka.

Kwenye kanda walipiga safi, wakawa wa kwanza, wakabaki A. Mpango umetimia. Lakini watoto walilikunja turubai walilotandika ukumbini kupigia juu yake, kimya kimya, kama watu wanaoanua matanga. Tessa akamfuata mlangoni.

"Hongera, Mwalimu. Umeshinda."

"Tumeshinda."

"Wewe ndiye uliyeshinda. Mama aliomba ruhusa kazini aje kusikia kile kipande. Nimwambie nini? Kwamba tuliogopa kuonekana tunajua?"

Aibu ilimshika Hostetler hasa, ya mtu aliyekamatwa na mtoto. Jumatatu aliwapigia simu waandaaji, akaomba mwenyewe bendi yake ipandishwe Daraja la Wazi.

"Una hakika, Mwalimu?" mama aliyepokea simu alimuuliza. "Mngeweza kufika fainali mlipo."

"Sina hakika hata kidogo. Tupandishe tu."

Dayton walipiga kila kitu. Kwenye kile kipande mmoja alidondosha kijiti, akachomoa kingine akaendelea, na watu wakasimama majukwaani kabla hawajamaliza.

Jioni, majina ya fainali yalipokaribia kusomwa, Hostetler alitoka kuwatafuta watoto wake. Aliwakuta kwenye maegesho, makoti juu ya sare, wanakipiga tena kile kile, wamezungukwa na watoto wa mashule makubwa. Kijana mmoja mrefu alikuwa anamsihi Tessa apunguze kasi, auone vizuri mkono wa kushoto.

"Tazama basi, kaka, usiniangalie uso," Tessa akamwambia. "Nani kawafundisha ninyi?"

"Tuna walimu sita."

"Sisi tuna mmoja. Mwoga kidogo, lakini anatunga."

Mama yake Tessa akamgusa Hostetler begani. "Mwalimu, wanasoma majina ndani. Huingii?"

"Ngoja wamalize hapa."

Ndani majina yalisomwa hadi la mwisho, la shule yake halikuwamo. Hostetler hakuwa na habari. Tessa na wenzake walikuwa wamewaazima wageni ngoma zao. Alisimama kwenye baridi, mikono mfukoni, anasikiliza kipande chake kikipigwa na watoto asiowajua.