Shanga za Mosi

Hosiana alijua kuchora maua kabla hajajua kuchora mtu. Alikuwa akibuni mapambo ya vitenge katika kiwanda kimoja cha nguo pale Morogoro, mpaka zama za ruksa ya biashara zilipoingia, mitumba ikafurika sokoni, kiwanda kikafunga milango na wachora maua wakaambiwa kila mtu arudi kwao. Yeye hakurudi Upareni. Alipanga chumba kwa Bi Maimuna, Mafiga, akaanza kuchora kile ambacho kiwandani kisingechapwa hata kwa dawa: wanawake. Si wale wenye mitungi kichwani, wanaouziwa watalii. Wake walikuwa wanawake waliochoka, waliokasirika, waliotamani na wasiseme.

Picha iliyomletea hofu ilikuwa ya Mosi. Mosi alikuwa shoga yake, Mluguru wa Mkuyuni, muuza njegere na karoti sokoni, mke wa Stambuli mwenye lori la kupeleka kabichi za Mgeta hadi Dar. Alikubali kuchorwa kwa sharti moja tu, kwamba uso usionekane. Basi Hosiana akamchora kwa nyuma, ametoka kuoga, ameketi mkekani, khanga imeteremka hadi nyongani na mabega bado yana maji. Kwa jinsi shingo ilivyoinama, hata mtoto angejua kwamba mwanamke yule anaungoja mkono wa mtu, na mkono wenyewe umechelewa. Kiunoni akazichora shanga kama zilivyokuwa: nyuzi tatu, mbili nyekundu na moja nyeupe, na katikati ya ile nyeupe ushanga mmoja wa buluu.

Alidhani shanga ni pambo tu, kama hereni. Hilo lilikuwa kosa la mgeni, na mgeni huyu alikuwa ameishi mjini miaka mingi kiasi cha kujiona mwenyeji. Siku alipokuwa akizifunga picha kwa magazeti azipeleke kwenye maonyesho, Bi Maimuna alipita uani na birika lake, akasimama kutazama.

"Mwanangu," akasema, "huyu umemficha uso, ukamwachia jina lake."

Kisha akamweleza. Mwali wa Kiluguru akitolewa ndani, bibi yake humtungia shanga zake mwenyewe, kwa rangi azipendazo bibi, na tangu siku ya harusi hakuna azionaye isipokuwa mume. Mume wa huyu akizikuta ukutani hatakuwa na haja ya kuuliza uso uko wapi.

Hosiana akaacha kufunga picha, maana mume huyo alikuwa anakuja kwenye maonyesho. Maonyesho yalifanyika katika ukumbi wa hoteli moja karibu na stesheni, hoteli iliyonunua mboga kwa Stambuli, na mwenye hoteli alikuwa amemwalika. Mosi mwenyewe ndiye aliyeleta habari hiyo, tena akicheka. Na Stambuli mnamjua, au kama hammjui basi mjue: aliwahi kumrudisha Mosi kwao Mkuyuni kwa sababu utingo wake alimwita mama mrembo. Walioombana radhi ni wazee, si yeye. Mwanamume wa namna hiyo akiukuta mgongo wa mkewe umetundikwa mbele ya watu, ndoa itabaki na nini? Watoto je? Hosiana alijilaumu, akajitetea, akajilaumu tena.

Asubuhi ya ufunguzi aliwahi ukumbini kabla ya wageni. Mkobani mwake mlikuwa na brashi na rangi ya khanga ile ile. Ilikuwa kazi ya dakika chache, kuipandisha khanga kidogo ifunike kiuno, na nani angejua? Lakini alisita, brashi mkononi, na bado alikuwa amesita Mosi alipoingia amevaa buibui lake jipya. Hosiana akamwambia yote kwa pumzi moja, maneno ya Bi Maimuna, shanga, brashi, na Stambuli atakavyofanya.

Mosi alimsikiliza mpaka mwisho. "Najua," akasema. "Nilijua tangu siku ulipozichora."

"Na ukanyamaza?"

"Uso nilikukataza kwa ajili ya watu. Shanga nilikuachia kwa ajili yake. Mwache aone."

"Atakuacha, Mosi."

"Basi aniache akiwa ameniona."

Akamtoa brashi mkononi, taratibu, akairudisha mkobani.

Wageni wakaja. Walimu walitazama wakinong'onezana, mzee mmoja wa kanisa akasonya na akarudi kutazama mara ya pili. Hosiana hakusikia sifa wala masimango, macho yake yalikuwa mlangoni. Hatimaye Stambuli akaingia na kaunda suti yake, akazipita picha haraka haraka kama mtu akaguaye magunia, mpaka akafika kwenye ile. Hapo akasimama.

Akasimama sana. Akasogea, akainama, pua yake ikawa karibu kugusa kiuno. Mosi alisimama kando ya mumewe, mkono umekamata buibui shingoni, wala hapepesi macho.

Stambuli akacheka.

"Dada, huyu umemtoa wapi? Wa pwani tu huyu. Wa kwetu milimani hawana mambo haya."

Hosiana akajibu kwamba ni mtu wa hapa hapa.

"Na shanga zake, Baba Abeid?" Mosi akauliza, kwa upole kabisa. "Umeziona?"

Stambuli akatazama tena. Mosi akampa muda, akamngoja.

"Shanga ni shanga, Mama Abeid. Wanawake wote wanavaa," akasema, kisha akatazama saa yake, akakumbuka lori linapakiwa, akaenda kumtafuta mwenye hoteli wazungumze habari za kabichi.

Hosiana akamshukuru Mungu wake kimoyomoyo. Wamepona! Akamgeukia shoga yake, kicheko kiko mdomoni tayari, na kicheko kikafia pale pale. Uso wa Mosi ulikuwa umezimika. Watu husema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na Hosiana alikuwa hajawahi kumfikiria yule anayelala ndani kila siku na bado haijui. Hofu yake yote alikuwa ameipeleka mahali pasipo pake.

Mosi akamwomba kisu kidogo cha kukwangulia rangi. Akaingia nyuma ya pazia, mahali walipoweka viti vya akiba, akakaa kidogo. Alipotoka ngumi ilikuwa imefumbwa. Akaushika mkono wa Hosiana, akaufungulia ngumi yake kiganjani. Zilikuwa nyuzi tatu, bado zina joto la mwili, na ule ushanga wa buluu ukiwa mahali pake.

"Kaa nazo wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyezitazama."

Nje honi ya lori ikalia. Mosi akalifunga buibui lake vizuri, akaenda.