Nyayo Hazishiki Fyekeo

Uso wa baba mkwe wangu siujui vizuri. Ninachokijua ni mikono yake na miguu yake. Tangu niolewe na mtoto wake wa mwisho, kazi ya kumnawisha kabla ya kula ni yangu. Nashika birika, naweka beseni chini ya mikono yake, macho nimeyashusha kwa heshima. Kidole gumba cha kushoto kimepinda. Kucha zina rangi ya nyasi, maana kazi yake ni kufyeka kando ya reli.

Alipoanza kuumwa alirudi nyumbani mapema, akakaa kitini bila kuvua buti. Kichwa kilimgonga, mwili ulikuwa wa moto, na bado alitetemeka ndani ya blanketi. Mume wangu alikuwa safarini na lori. Nyumbani tulikuwa mimi na wifi yangu, mtu ambaye maneno hayauzi, huyagawa bure. Yeye alisema ni malaria, akampeleka baba yake zahanati. Damu ilipimwa, malaria haikuonekana. Alipewa vidonge vya kutuliza maumivu na kuambiwa homa isipokatika arudi.

Homa haikukatika. Baba mkwe hakurudi zahanati.

"Wamenipima, wamesema sina kitu," alisema. "Niende nikawaambie nini? Kwamba nimeikataa afya?"

"Baba, walisema huna malaria. Hawakusema huna kitu," wifi alimwambia.

"Ni yale yale. Kesho naenda kazini."

"Utafyeka nini na wewe mwenyewe umeshafyekwa?"

Baba mkwe alijikongoja hadi uani akaanza kunoa fyekeo lake, akipumzika kila mara kama anayepanda mlima. Kipande chake cha reli kiko mbali na nyumba za watu. Akianguka huko, wa kumwona ni abiria, na treni haisimami.

Jioni nilimletea maji. Alipokunjua mikono niliona vidoa vidogo vyekundu viganjani, vimetawanyika. Nikasahau kumimina.

"Nini?" aliuliza.

"Hakuna, baba."

Akaviangalia mwenyewe. "Ni kutu ya fyekeo. Lete sabuni."

Alisugua. Povu lilikuwa jeupe, maji yakaondoka na povu lake, vidoa vikabaki. Alikula matonge mawili, akajilaza mkekani, miguu imeelekea mlangoni nilikokuwa naosha vyombo. Nyayo zake zilikuwa mbele yangu, na zilikuwa na vidoa vile vile. Vilipanda hadi kwenye vifundo.

Nilikwenda jikoni nikamwambia wifi. Nilidhani atakimbia kwenda kusema, kama kawaida yake. Aliendelea kupepeta mchele.

"Mwambie mwenyewe."

"Mimi?"

"Mimi nimesema hadi ulimi umeota sugu. Amenizoea, kama redio ya jirani. Wewe ukisema neno moja atadhani nyumba inaungua."

"Wifi, tafadhali."

"Nenda, bibi harusi. Hatakutafuna. Hata chakula chenyewe kimemshinda."

Nikasimama mlangoni. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa mengi na ya heshima, yote yakapotea.

"Baba," nilisema, "nyayo hazishiki fyekeo."

Alifumbua macho. Nyuma yangu wifi aliziba mdomo kwa ungo. Baba mkwe aliinuka taratibu, akavuta mguu mmoja juu ya goti, akaugeuza kwenye taa. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akautazama mwingine.

"Nani amesema?"

"Mimi, baba."

"Kumbe una sauti," alisema, akalala tena.

Asubuhi alivaa shati la kutokea. Fyekeo lilibaki ukutani.

Tulimshika huku na huku hadi zahanati. Tabibu alikuwa kijana. Alitazama viganja, akatazama nyayo, akauliza anafanya kazi gani. Aliposikia nyasi, akauliza kama ana kidonda cheusi mahali popote.

"Sina kidonda," alisema baba mkwe.

"Tuangalie tu, mzee."

Niligeuka nikatazama ukuta. Nilisikia mkanda ukifunguliwa.

"Na hiki?"

"Hicho ni mkanda umenichubua. Hakiumi."

"Ndiyo, hakiumi. Ndiyo maana watu hawakijali." Tabibu alimwita wifi aone: gamba jeusi kama ngozi iliyoungua, wekundu umelizunguka, na kwenye kinena mtoki umevimba. Alisema hapo ndipo kupe alipouma, akashiba, akaenda zake. Homa, kichwa, vidoa, na gamba kama hilo, vikiwa pamoja kwa mtu wa nyasini, humfanya afikirie homa ya kupe.

"Vidoa juzi havikuwapo," wifi alisema.

"Huchelewa kutoka. Ningeviona juzi, tungeanza juzi." Alitoa dawa, akataka aanze kumeza pale pale, bila kungoja majibu ya vipimo.

Homa ilishuka. Wifi anasema baba yake alikonda sana usoni. Mimi siwezi kusema.

Sasa amerudi relini. Suruali anaichomeka ndani ya soksi, na wifi amemwambia anafanana na mchezaji aliyestaafu. Akirudi anavua nguo za kazi na kujikagua mwili mzima kabla ya kukaa. Mgongo anakaguliwa na wifi, ambaye humtafuta kupe huku akimtukania ukoo wake, ukoo wa kupe.

Jana nilileta birika na beseni. Hakunyoosha mikono kunawa. Aliigeuza viganja juu, akaituliza chini ya taa.

"Tazama kwanza," alisema.

Nikatazama. Kidole gumba kilichopinda, sugu za mpini, mistari.

"Visafi, baba."

"Na nyayo?"

"Nyayo tutazitazama tukishakula."

Wifi alicheka hadi akaweka sahani chini. Nikamimina maji.