Alichomnyima Plamedi

Rosine alitaka kisasi, na haki alikuwa nayo. Yeye na Plamedi walikuwa wanafunzi wa udaktari, wakifanya stage, mazoezi ya kazi, katika hospitali moja ya Kasongo, na Daktari André alishasema wazi: ni mmoja tu atakayebaki naye kwenye chumba cha upasuaji. Rosine akajituma. Mchana alikaa jikoni nyuma ya hospitali pamoja na mama wanaouguza watoto wao, akitwanga nao sombe, majani ya muhogo, maana mama uliyeshika naye mchi hukuambia asichomwambia mwenye koti jeupe.

Kila asubuhi Plamedi alifika akinukia marashi. "Dada, mugonjwa wetu iko namna gani?" Rosine, mjinga wa watu, humweleza. Kisha kitandani kwa mgonjwa, mbele ya Daktari, Plamedi huyamwaga yote kama yake, bila haya usoni.

"Jifunze kwa mwenzako," Daktari alimwambia Rosine siku moja. Neno hilo lilimchoma. Tangu hapo alimchukia Plamedi mpaka viatu vyake.

Ndipo akaletwa Chadrack, mtoto mdogo, amelegea, tumbo limevimba. Alipewa dawa za malaria, hazikufaa kitu. Siku hiyo mchana, pale jikoni, mama yake, Pascaline, aliinamia kinu akanong'ona.

"Mama-mukwe wangu anamupiga poire ya majani kwa nyuma kila magaribi, eti kumusafisha tumbo. Kumukataza naogopa. Umuambie docta, lakini usinitaje."

"Nitamuambia, Mama Chadrack."

Alikusudia kweli. Lakini njiani alimkumbuka Plamedi, akaona utamu wa kumnyima. Kesho, alijisemea. Kesho Plamedi ajichimbie shimo mwenyewe mbele ya watu. Jua lilipotua, bibi yake Chadrack alipita barazani na kikapu, poire yenyewe, kipira chekundu cha kuingizia dawa kwa nyuma, ikichungulia chini ya kitambaa. Rosine alimwona. Akageuza uso, akatazama ukuta.

Asubuhi Plamedi aliuliza, naye Rosine akampa habari za homa, tumbo na dawa za malaria tu. Yote yalikuwa kweli.

"Nyumbani wanamupa nini ingine?" Daktari aliuliza kitandani.

"Hakuna kitu, docta," Plamedi akajibu. "Nilimuuliza mama mwenyewe."

Muongo mkubwa. Pascaline alishangaa, akamtazama Rosine. Rosine akasogea mbele.

"Docta, huyu hajawahi kusema na mama. Mutoto anapigwa poire ya majani kila magaribi. Hata jana."

Daktari alimtazama Plamedi kutoka utosini hadi kwenye viatu vyake vizuri. "Toka. Usirudi kwenye salle yangu ya upasuaji." Plamedi akatoka ameinamisha kichwa, na Rosine akaionja furaha ambayo hakuwahi kuionja tangu azaliwe. Angeweza kuimba.

Daktari akabonyeza tumbo la mtoto. Lilikuwa gumu kama ubao, na Chadrack hakuwa hata na nguvu ya kulia. "Utumbo umetoboka. Tunapasua sasa hivi. Rosine, nafasi ni yako. Beba mutoto."

Rosine akanyoosha mikono. Pascaline akamkumbatia mwanawe, akampa mgongo.

"Hapana huyu," akasema. "Nilimuambia jana muchana, docta. Jana muchana, kabla ya ile poire ya mwisho."

Daktari akageuka, akamtazama Rosine, naye Rosine hakuwa na mtu wa kumsingizia.